Maneno ya Mwisho wa Diski ya Pili

Waliomfahamu Elieth tangu enzi za taipureta watakuambia kwamba vidole vyake havikuwa na mfano Dodoma nzima. Unamsomea barua, unamaliza sentensi, naye kishamaliza, anakungoja macho yake dirishani. Miaka kumi na minne alipiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale mjini: barua za uhamisho, barua za onyo, hotuba za wakubwa, taarifa za njaa na taarifa za mavuno. Maneno ya watu yote hayo. Ya kwake mwenyewe, nakuapia, hayakufika kurasa mbili. Kama upo ugonjwa wa kushindwa kusema jambo lako mwenyewe, basi alikuwa nao. Simsemi kwa ubaya. Nasema ili ujue mapema, maana kisa chote kimekaa hapo.

Mwaka wa tisini na tano likapita lile fagio la kupunguza wafanyakazi. Waliitwa mkutanoni, wakaelezwa kwamba nchi imebadilika, soko ni huria, kila mtu ajishughulishe. Elieth alijishughulisha kweli: barua za kuwapunguza wenzake alizipiga yeye, na ya kwake akaipiga ya mwisho, bila kosa hata moja. Akaipeleka ikasainiwe, akarudi, akaifunika mashine yake kwa kile kifuniko cha turubai na kuaga. Hakuuliza hata kwa nini.

Baada ya hapo aliuza zabibu, akauza vitenge, akauza karanga. Hakuna alichokiweza, kwa sababu biashara ni mdomo, na mdomo ndio huo tena. Mumewe, Batholomeo, alikuwa mtu wa reli. Alihamishiwa Tabora, akaenda na begi, baadaye akapeleka na moyo wake huko huko. Nyumba ikabaki na watu wawili, Elieth na mwanawe Optatus.

Mwaka elfu mbili na tatu ndipo alipoingia kwenye kibanda cha Rahimu, karibu na soko la Sabasaba. Rahimu ni mtu wa Majengo, mtoto wa wale waliokuwa mjini kabla mji haujawa mji, na babu zake walifanya biashara ya kila kitu kilichowahi kubebwa begani. Yeye alikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, na rafu ya filamu ambazo haki yake ya kuziuza, tusiulizane sana. Alimwajiri Elieth apige barua za wateja. Siku moja alikuwa anacheza na filamu ya Kihindi kwenye kompyuta, Elieth akaona maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha.

"Hayo maneno yako wapi?" akauliza.

"Yako humo humo ndani ya faili, Mama Opta. Ila hayajashikana na picha. Nikitaka nayatoa."

"Hebu yatoe niyaone."

Rahimu akayatoa. Yakaja kama orodha ndefu: namba ya picha ambapo mstari unaanza, namba ya picha unapoishia, kisha maneno yenyewe. Elieth akaitazama orodha ile kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoishi siku zote. Maneno yote ya filamu nzima, yamepangwa, yanangoja mpiga chapa. Akavuta kiti, akafungua kamusi, akaanza kufuta Kiingereza na kuweka Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, kwa hiyo mwanzoni majambazi wa Kihindi walizungumza kama makatibu wakuu: "Rejea mazungumzo yetu ya jana, nitakuua." Watu walicheka, lakini walinunua.

Kazi yao ikapata utaratibu. Rahimu anatoa maneno. Programu nyingine inageuza zile namba za picha kuwa dakika na sekunde, ikishaambiwa kila sekunde zinapita picha ngapi, Elieth anatafsiri, halafu Rahimu anayachoma maneno ndani ya picha yenyewe na kutoa diski mbili, zinazokubali kwenye deki yoyote ya mtaani. Yakishachomwa hayatoki wala hayasogei. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu, walikuwa na sheria ya kuonja mara tatu: wanaonja mwanzo, wanaonja katikati, wanaonja mwisho. Rahimu alisema hata pilau huonjwa hivyo, maana sufuria inaweza kuiva juu na kuungua chini.

Sasa utauliza, mwanamke aliyeshindwa kuuza karanga alipata wapi moyo wa kukaa na kamusi siku nzima? Ni Optatus. Optatus alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Mpaka miaka saba alisikia vizuri, aliimba kanisani, alijua hata kuwaiga majirani. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamshika, ikamwachia uhai na kuondoka na masikio. Akapelekwa shule ya bweni ya viziwi, mkoa mwingine, akarudi likizo na mikono inayoongea kasi mama asiweze kuifuata. Elieth alijua ishara nne au tano: kula, lala, njoo, maji. Mengine waliandikiana kwenye daftari lililokaa mezani karibu na chumvi. "Nimechana shati." "Weka hapo nitashona." Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao.

Siku ya kwanza Elieth alipomleta dukani, Opta wakati huo ana miaka kumi na minane, akamkalisha mbele ya televisheni na ile filamu ya majambazi. Opta alisoma. Pale ambapo mtu wa kawaida angecheka, akacheka, kwa sauti yake nzito isiyojua kujipima. Elieth alikwenda nyuma ya rafu akajifuta uso kwa khanga. Miaka kumi na moja mwanawe alikuwa akicheka baada ya wengine, kwa kuwatazama midomo, ili asionekane hajui. Siku ile alicheka peke yake, kwa wakati wake.

Sasa nisogee kwenye lile lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Ile homa ilianza siku ya Ijumaa. Ofisini kulikuwa na taarifa ya mkoa, kurasa tisini na kitu, wageni wakubwa wanakuja Jumatatu. Elieth alimpa mtoto dawa ya malaria, akamwachia jirani yake, Anyesi, akaenda kazini. Jumamosi Anyesi alituma mtu ofisini: mtoto anasema shingo inauma. Elieth akajibu nakuja jioni. Jioni alirudi mtoto amelala, akasema heri, homa inashuka. Jumapili Anyesi akatuma tena: mtoto anatapika, hataki mwanga. Elieth alikuwa amebakiza kurasa kumi na mbili. Akazimaliza. Alipofika nyumbani, Opta alikuwa amekakamaa kama ubao.

Hospitalini, daktari aliuliza, "Ameanza lini?"

Elieth akasema, "Leo asubuhi."

Ndiyo hivyo. Aliogopa kugombezwa, basi. Uongo mdogo wa mtu aliyeshikwa na hofu, lakini alipousema ukawa umeandikwa kwenye cheti, na kilichoandikwa Elieth hakujua kukifuta. Akamwambia hivyo mumewe, aliyekuwa safarini na treni, akawaambia wakwe, akamwambia padri. Anyesi alihamia Singida, akafia huko. Na Opta alipofika miaka kumi na minne, aliandika kwenye daftari: "Nilipougua ulikuwepo?" Elieth akashika kalamu, akaandika: "Nilikuwepo, mwanangu. Nilikuwahi."

Tangu siku ile alitamani kitu kimoja tu duniani, kumwambia mwanawe ukweli na kuona uso wake baada ya kuujua. Mara ngapi alilifungua lile daftari. Anaandika "Opta," anaweka mkato, halafu mkono unakufa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alijua methali hiyo kama wewe na mimi tunavyoijua. Lakini kuijua hakukumsogeza.

Mwishoni mwa mwaka elfu mbili na tano, Rahimu alipata filamu kutoka kwa mtu mpya, si yule wa Dar aliyemzoea. Ilikuwa ya nchi ya mbali, ya mama aliyemwacha mtoto wake kwenye stesheni ya treni na kumtafuta miaka ishirini. Mwisho kabisa wanakutana kwenye stesheni ile ile. Mama anaongea, kijana anasikiliza kichwa chini, analia, kisha anamkumbatia mama yake na picha inaisha. Elieth alifika kwenye mistari ile ya mwisho, mikono juu ya vitufe. Yule mama alikuwa anasema mambo ya vita na umaskini. Elieth akayafuta. Akaandika:

"Mwanangu, homa ilipokushika sikuwepo. Jirani aliniita mara mbili, sikuja. Nilikuwa kazini napiga chapa taarifa ya watu. Siku ya tatu ndiyo nikakupeleka. Daktari aliponiuliza, nilidanganya. Nawe nikakudanganya. Masikio yako niliyapoteza mimi. Nisamehe, Opta."

Mistari minane. Lile jina alilifuta mara mbili, mara mbili akalirudisha. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amepiga chapa maneno yake, na ona basi, hata hayo aliyaweka mdomoni mwa mwanamke mwingine. Lakini nimhukumu vipi? Wengine hatujafika hata hapo.

Rahimu akageuza, akachoma, akaonja mwanzo. Mistari miwili mitatu ya kwanza ilikuwa sawa. Akataka kuruka katikati na mwisho.

"Acha, kaka Rahimu," Elieth akasema. "Hii usiionje."

"Kwa nini?"

"Nimeipitia mwenyewe. Opta anaondoka kesho, nataka aende nayo."

"Kuonja dakika mbili, Mama Opta. Sheria yetu wenyewe."

"Nimesema nimeipitia."

Rahimu alimtazama. Katika miaka miwili hakuwahi kumsikia akikataa jambo. Akaitoa diski, akaandika juu kwa kalamu ya wino mzito, moja na mbili, akampa. Kumbe hakutaka Rahimu ayasome, hiyo ndiyo sababu, aibu tu. Na laiti angejua aibu ile itamtoza nini.

Opta siku hizo alikuwa anafanya kazi Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, anashona midomo ya magunia. Alikuwa na mkono mwepesi kama wa mama yake. Alipanga chumba kimoja na kiziwi mwenzake aitwaye Mgeni, mtoto wa Kondoa, nao walikuwa na televisheni ndogo na deki. Alikuja Dodoma kula Krismasi, akaondoka na diski zake kwenye bahasha ya kaki, akimpungia mama yake mkono dirishani mpaka basi likakata kona.

Elieth akaanza kungoja. Januari ikapita. Februari. Kila gari la Kibaigwa liliposhusha watu aliwatazama miguu kwanza, maana viatu vya Opta alivijua. Alijiambia atakuja amekasirika, sawa, akasirike. Au ataandika barua, alie, agombe, chochote. Alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kimya.

Pasaka Opta akaja. Alimwamkia mama yake kwa kichwa kama kawaida, akaweka debe la unga chini, akatoa ile bahasha ya kaki na kuiweka mezani mbele yake. Akaigonga kwa kidole mara mbili. Akamkazia mama macho, akingoja.

Nataka ukione kitendo hiki vizuri. Mwana amegonga bahasha, anangoja. Na mama ameelewa, au anadhani ameelewa: amesoma, sasa ananirudishia maneno yangu, anataka niyaseme mwenyewe hapa, uso kwa uso. Akaitikia kwa kichwa kumaanisha najua, najua. Akaichukua bahasha, akaingia chumbani, akaitia kwenye sanduku la bati chini ya vitenge, akalifunga. Akarudi, akavuta daftari na kuandika: "Utakula ugali au wali?"

Opta akamtazama kidogo, akatabasamu. Akaandika: "Ugali na mlenda."

Akala, akalala, kesho yake akarudi Kibaigwa. Elieth akamsindikiza stendi. Njiani alisema moyoni, mwanangu ameamua kutonijibu, ana haki. Akajiona ametupwa, na akakubali kutupwa, akakaa hivyo Mei na Juni bila kuandika hata mstari mmoja. Alifanya kazi, alitafsiri, alisalimia watu. Lakini ile raha ya vidole ilikuwa imekwisha. Rahimu alimwuliza kama anaumwa, akasema ni vumbi.

Julai soko la Kibaigwa linafurika. Malori yanapanga foleni mpaka barabarani, madalali wanapiga kelele, magunia yanapanda na kushuka. Opta alikuwa amechuchumaa nyuma ya rundo, anashona. Lori likarudi nyuma. Watu wote walipiga kelele, kila mtu mahali pale alimpigia kelele. Yeye hakugeuka.

Alizikwa Haneti, kwa kina Elieth, upepo ukipeperusha mchanga hata kabla hawajamaliza kufukia. Batholomeo alikuja kutoka Tabora, akasimama upande wake, akasema tu, "Jamani, mtoto huyu na maradhi yale..." Elieth hakulia mbele za watu. Wanawake walinong'ona kwamba ana moyo mgumu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, waache waseme.

Wiki mbili baadaye, alasiri, mtu akabisha mlangoni Dodoma. Alikuwa Mgeni, yule aliyepanga na Opta. Amebeba mfuko wa nguo, sindano ya magunia na huzuni nyingi usoni. Elieth akamkaribisha, akamwekea maji, akamsogezea daftari, kwa maana hakuwa na lugha nyingine ya kumpokelea. Mgeni aliandika pole, akaandika Opta alikuwa ndugu yangu. Kisha akaandika:

"Alikuwa anangoja jibu lako."

Elieth akaandika: "Jibu gani?"

"La filamu. Alikuandikia Pasaka, akaweka ndani ya bahasha. Kila siku ananiambia, Mama atajibu, ana kazi nyingi."

Elieth alisoma mara tatu. Akainuka akaenda chumbani, akafungua sanduku la bati, akatupa vitenge sakafuni. Bahasha ilikuwa pale pale. Ndani yake diski mbili, na nyuma ya diski ya pili karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakuikunjua. Mikono ilikataa. Alijifunga khanga, akamshika Mgeni mkono kama mtoto, wakaenda kwa Rahimu.

"Kaka Rahimu, iweke hii. Ile ya pili. Twende mwisho."

Rahimu akaiweka. Stesheni ikatokea, treni ikafika, mama na kijana wakaonana. Mama akafungua mdomo, akaongea, akaongea. Chini ya picha yakapita maneno: "Leteni kahawa mbili na mkate." Elieth akasogea karibu na kioo. Mama analia, chini imeandikwa: "Mkuu wa stesheni hayupo leo." Kijana kainamisha kichwa, kamkumbatia mama yake, chini imeandikwa: "Shuka hapa, ndugu, umefika." Picha ikazima. Kioo kikawa cheusi. Mistari minane haikutokea, hata mmoja.

Rahimu alikuwa ameshaelewa. Uso ulimbadilika.

"Maneno yamechelewa," akasema polepole. "Yamechelewa tangu mwanzo, kidogo kidogo, mpaka huku ni dakika tano. Filamu imekwisha yenyewe hayajafika." Akafungua kompyuta, akatafuta, akapata. "Programu ilikuwa inauliza, kila sekunde picha ngapi. Za yule wa Dar zote ni ishirini na nne kasoro, nimezoea, nabonyeza tu sawa. Hii ilikuwa ishirini na tano. Kosa langu, Mama Opta."

"Ungeonja ungejua."

"Ningejua."

"Nilikukataza mimi."

Basi Elieth akaikunjua ile karatasi. Ulikuwa mwandiko wa Opta, ulioegemea kushoto, kila herufi imeshonwa kwa nguvu.

"Mama, shikamoo. Filamu nzuri sana lakini maneno yanachelewa, tumevumilia tu. Tatizo ni mwisho hayakuja kabisa. Yule mama anaongea muda mrefu, mwanawe analia halafu anamkumbatia. Alimwambia nini? Mgeni anasema alimwonyesha shamba la urithi. Mimi nasema alimwomba msamaha, maana ndiyo mtoto akamkumbatia. Tumebishana mpaka basi. Wewe ndiye uliyeandika, wewe ndiye unayejua. Niandikie. Usiponiandikia nitakuuliza mwenyewe mahindi yakiisha. Mimi mwanao, Opta."

Alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akakaa chini sakafuni, juu ya nyaya na vumbi, mtu mzima na khanga yake, akalia kwa sauti. Alilia kilio kilichokaa ndani miaka kumi na minne, kelele zake zikatoka mpaka sokoni, wauza nyanya wakasimama. Mwanawe hakumkataa. Mwanawe hakujua hata neno moja. Aligonga ile bahasha akimaanisha soma, mama, nina swali. Na yeye akaifungia chini ya vitenge na kumwuliza ugali au wali. Miezi mitatu kijana alikuwa pale Kibaigwa, umbali wa basi moja, anangoja, na kila siku anamtetea kwamba ana kazi nyingi.

Mgeni alikuwa amesimama mlangoni hajui afanye nini. Hakusikia kile kilio, lakini alikiona. Rahimu akageuka kwenye kompyuta. Maneno ya filamu ile bado yalikuwepo kwenye faili lake, kwa sababu Rahimu ni mtu asiyefuta kitu. Akabadilisha ishirini na nne kuwa ishirini na tano, akageuza upya, akayaita yapite juu ya picha bila hata kuyachoma. Akaenda mwisho. Safari hii mama wa kwenye filamu alipofungua mdomo, maneno yalikuwa pale pale chini yake. Mwanangu, homa ilipokushika sikuwepo. Rahimu aliyasoma yote minane mpaka kwenye jina. Alivua kofia yake akaishika mapajani.

Mgeni naye alisogea, akasoma. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Kijana wa kwenye filamu akamkumbatia mama yake, kioo kikazima. Mgeni akamtazama Elieth pale chini, akaitazama tena karatasi ya rafiki yake iliyokuwa magotini mwa mama. Akachuchumaa. Akachukua kalamu ya wino mzito ya Rahimu, ile ya kuandikia namba juu ya diski, akaandika chini ya jina la Opta, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika:

"Opta alishinda."

Elieth aliisoma. Akamshika Mgeni kichwani kwa mikono miwili, akamvutia kifuani, wakakaa hivyo mpaka Rahimu alipofunga mlango wa mbele ili wateja wasiingie.